Kasuku wa Sh32,000: Airbus iliyowapandisha Watanzania ndege kwa fedha za London

Kila Desemba inapokaribia, mjadala ni uleule. Wachaga wanajiandaa kwenda Moshi "kuhesabiwa", mabasi yanajaa, na bei ya tiketi ya ndege ya Kilimanjaro inapanda hadi mtu anajiuliza kama ananunua kiti au bawa zima. Hapo hakosekani wa kusema kwamba enzi za Fastjet, shirika la ndege la nauli nafuu, mambo hayakuwa hivi.

Ni kweli hayakuwa hivi. Tarehe 29 Novemba 2012, ndege za Airbus A319 zenye picha ya kasuku mkiani zilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Tangazo la bei ndilo lililogeuza vichwa vya watu: kuanzia Sh32,000, karibu dola 20 za wakati huo, kabla ya kodi na tozo za uwanja. Kwa watu wa Mwanza hiyo ilikuwa nauli ya kulinganishwa na ya basi. Na basi la Mwanza wakati ule lilikuwa shughuli pevu. Unaamka usiku, unawahi stendi ya Ubungo alfajiri, unashinda kutwa barabarani kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, na ukibahatika unafika usiku wa manane. Kwa ndege ni kama kilomita 850, mwendo wa saa moja na dakika kadhaa.

Soko lenyewe lilikuwa wazi. Air Tanzania ilikuwa imebaki jina. Boeing 737 yake iliacha njia ya kurukia Mwanza mwaka 2010, na Aprili 2012 ndege yake ndogo aina ya Dash 8 ikaharibika vibaya Kigoma wakati wa kuruka. Abiria walinusurika, ratiba haikunusurika. Precision Air, iliyoanzishwa na marehemu Michael Shirima mwaka 1993, ndiyo iliyokuwa imeshika anga la ndani, na mwaka 2011 ilikuwa imeuza hisa kwa wananchi. Abiria wa ndege alikuwa ofisa wa serikali, mtu wa mgodi, mtalii au mfanyabiashara mwenye uwezo wake. Wengine walizipungia mkono zikipita juu.

Nyuma ya kasuku walikuwapo watu wa easyJet. Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa shirika hilo la Uingereza, alikuwa amegombana na bodi yake na kujitoa mwaka 2010, akabaki na jina jipya, Fastjet, mfukoni akilitafutia mahali pa kuruka. Kampuni iliyoorodheshwa soko la AIM la London ikalichukua jina hilo, ikanunua biashara ya shirika la ndege la Fly540 kutoka kampuni ya Lonrho katikati ya 2012, na ikamweka Ed Winter, aliyewahi kuwa kigogo easyJet, kuwa mtendaji mkuu. Kenya ilitakiwa iwe mwanzo, lakini wakaingia kwenye ugomvi na wenzao wa Fly540 wa Nairobi juu ya jina na madeni. Tanzania ikapata bahati ya kuwa ya kwanza.

A319 ni mdogo wa A320: mwili mfupi zaidi, njia moja katikati, viti vitatu kushoto na vitatu kulia. Mashirika ya kawaida huweka viti pungufu, daraja la kwanza mbele, jiko nyuma. Fastjet ilifuata mpango wa easyJet wa viti 156, yaani safu 26 zilizobanana kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Viti vikiwa vingi hivyo, ndege ya aina hii hulazimika kuwa na milango miwili ya dharura juu ya kila bawa badala ya mmoja. Hakuna chakula cha bure. Mzigo unalipiwa. Tiketi unaweza kulipia kwa M-Pesa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya kabisa kwa ndege. Na kaunta hufungwa kwa saa iliyopangwa, hata kama umesimama mbele yake unahema. Hili la mwisho liliwaumiza wengi, kwa sababu tumezoea basi ambalo kondakta anaweza kupigiwa simu akasubiri pale Kimara.

Kampuni ilidai kwamba takriban theluthi moja ya abiria wake walikuwa hawajawahi kupanda ndege. Sioni sababu ya kulitilia shaka dai hilo.

Mwaka 2013 ikaongezwa Mbeya, ambako uwanja mpya wa Songwe ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla, na Oktoba mwaka huohuo Johannesburg. Zikafuata Lusaka, Harare na Entebbe. Nairobi, safari fupi kuliko hizo zote isipokuwa zile za ndani, ilisubiri kibali hadi Januari 2016. Msomaji anayejua mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hatashangaa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayorukwa kila tunapomlilia kasuku. Nauli ndogo inawezekana pale ndege inaporuka tangu alfajiri hadi usiku, ikitua inageuzwa haraka, na viti vimejaa. Viwanja vyetu vya mikoani havikuruhusu hilo. Songwe, kwa mfano, ulikaa miaka bila taa za njia ya kurukia, kwa hiyo jua likizama kazi imekwisha. Abiria alilipa shilingi, lakini kodi ya ndege, vipuri na mafuta vilihesabiwa kwa dola, na mwaka 2015 dola ilitoka karibu Sh1,700 ikavuka Sh2,000 ndani ya miezi michache. Viti 156 vilijaa Desemba. Februari vilikuwa na nafasi ya kulala. Pengo lilizibwa kwa kuuza hisa mpya London, mara baada ya mara. Yaani yule bibi wa Sengerema aliyekwenda Dar kwa Sh32,000 alisafirishwa kwa sehemu kubwa na mwekezaji wa Uingereza asiyejua Sengerema iko wapi.

Mapema 2016 mwenye jina mwenyewe akachoka. Stelios, aliyekuwa na zaidi ya asilimia 12 ya hisa, alidai hadharani Winter aondolewe, akilalamikia gharama, ikiwamo ofisi kuu iliyokuwa Gatwick wakati ndege ziko Afrika. Winter akaondoka Machi. Nico Bezuidenhout, aliyetoka shirika la Mango la Afrika Kusini, akaingia, akahamishia ofisi Johannesburg na kuanza kurudisha zile A319. Badala yake zikaja Embraer 190 za viti 104. Kwangu mimi Fastjet tuliyoipenda iliishia hapo. Mengine yalikuwa matanga.

Lakini matanga yenyewe yalikuwa na vituko. Novemba 2018 kampuni mama ilitangaza kujiondoa Tanzania na kuuza hisa zake. Aliyejitokeza kuwa mmiliki ni Lawrence Masha, mwanasheria, Waziri wa Mambo ya Ndani wa zamani, na kabla ya kushindwa na Ezekiel Wenje mwaka 2010, mbunge wa Nyamagana, yaani Mwanza mjini kwenyewe. Alikuwa amekwenda Chadema mwaka 2015 na kurudi CCM 2017, kwa hiyo kila alilosema lilipimwa mara mbili. Desemba, msimu uleule wa kuhesabiwa, safari zikafutwa moja baada ya nyingine, na watu wenye tiketi za Krismasi wakabaki na risiti za simu. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, Hamza Johari, akaita waandishi: kampuni ina madeni, haina ndege, inapewa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, na abiria warudishiwe fedha zao. Masha akajibu kwamba madeni yatalipwa na Boeing 737 inakuja. Ndege hiyo haikupata kibali cha kuingia.

Jumapili tarehe 23 Desemba, mvutano ukiwa umepamba moto, Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Julius Nyerere akipokea Airbus nyingine, A220-300 mpya ya Air Tanzania, ya kwanza ya aina yake kwa shirika la Afrika, ikiwa imeandikwa "Hapa Kazi Tu". Wabongo wakajumlisha moja na moja. Ikaenea kwamba Fastjet imenyongwa ili shirika la serikali lipumue. Serikali ilikanusha, na TCAA ilikuwa na hoja: mdhibiti anayeacha kampuni isiyo na ndege iuze tiketi hafanyi kazi yake. Hata hivyo, kumnyima mtu kibali cha kuleta ndege kisha kumwadhibu kwa kutokuwa na ndege ni jambo lililostahili maelezo marefu kuliko yale tuliyopewa.

Leseni ikaishia Januari 2019. Jina la Fastjet liliendelea Zimbabwe kwa Embraer ndogo za viti 50.

Tangu hapo Air Tanzania imeongeza ndege na vituo, uwanja wa Songwe umepata taa, na nauli za Desemba ni hizi tunazozilalamikia. Na bado tiketi hizo hazilipi gharama. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha Air Tanzania ilipata hasara ya Sh56.6 bilioni. Mwaka 2014 hasara ya safari ya Mwanza ilibebwa na mtu wa London aliyeweza kuuza hisa zake siku akichoka. Ya sasa inabebwa na mlipakodi, akiwamo yule anayekwenda Mwanza kwa basi kutoka stendi ya Mbezi kwa sababu tiketi ya ndege imemshinda.