Maji Yapasuayo Chuma

Msomaji, huenda hujapata kuamka asubuhi ukafungua bilula, isitoe hata tone, na huku mto una maji tele. Jambo hilo liliwapata watu wengi wa Uingereza katika majira ya baridi ya mwaka 1962 hadi 1963, na kisa chake chafaa kujulikana hata na sisi tukaao karibu na ikweta.

Theluji ilianza kuanguka tarehe 26 Desemba 1962. Majira yale yakawa ya baridi kupita yote yaliyoonekana huko tangu mwaka 1740. Huko Herne Bay hata bahari iliganda ufukoni. Mabomba ya nyumba nyingi nayo yaliganda, watu wakatoka na ndoo kungojea maji barabarani. Mshairi Sylvia Plath, aliyekuwa akikaa London, aliandika insha juu ya taabu hiyo.

Sasa jiulize: maji laini yapataje nguvu ya kupasua chuma? Vitu vingi vikipoa hunywea. Bali maji yakigeuka barafu huvimba, kadiri ya sehemu 9 katika 100. Barafu ikiziba bomba, huyasukuma maji yaliyobaki kati yake na bilula iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, basi bomba hupasuka. Tena mwenye nyumba hana habari, kwa kuwa barafu yenyewe imeziba ufa. Siku jua litokapo naye akafurahi, ndipo barafu iyeyukapo na maji kufurika chumbani.

Lakini Kanada ina baridi kali kuliko Uingereza. Mbona watu wake hawapatwi na msiba huo kila mwaka? Ni kwa sababu mjenzi wa huko huitazamia baridi. Huyafukia mabomba chini sana, penye miji mingine hata mita 2, mahali ambapo udongo haugandi. Mjenzi wa Uingereza aliizoea baridi ya kadiri. Kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa na mabomba yaliyopita nje ya ukuta, au darini pasipo joto.

Usidhani kosa hilo lilikwisha zamani. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, nchi ya joto huko Marekani. Umeme ulikatika katika nyumba zaidi ya milioni 4, nyumba zikapoa, na mabomba yaliyopita darini na katika kuta za nje yakapasuka. Watu zaidi ya 200 walikufa katika msiba ule, wengi wao kwa baridi.

Na kinga yake ilikuwa nini? Kuyavika mabomba vitambaa vizito. Kuiacha bilula idondoke kidogo usiku, ili maji yapate njia. Na kujua mahali pa kufungia maji yaingiayo nyumbani. Hayo ni mambo ya gharama ndogo, lakini hufanywa kabla ya baridi kuja.

Basi nawe, utakapojenga, usiulize tu hali ya mwaka huu ikoje. Waulize wazee mwaka mbaya ulikuwaje. Mto uliokauka miaka 20 ungali mto, na njia yake haijaisahau. Tahadhari kabla ya hatari.