Pengo Katika Safu: Tarehe ya Kamusi za Kompyuta
Mwezi wa Januari mwaka wa 1953, Hans Peter Luhn, Mjerumani kwa kuzaliwa aliyefanya kazi Marekani katika kampuni ya IBM, aliandika waraka wa ndani ya kampuni hiyo, akashauri kwamba kitu kinachotafutwa katika hazina ya kompyuta kisipekuliwe kimoja baada ya kimoja, bali ufunguo wake ufanyiwe hesabu, na jawabu la hesabu lielekeze kwenye chumba kilimowekwa. Ndiyo asili ya jedwali la heshi, ambalo baadhi ya watunzi wa programu walikuja kuliita kamusi, kwa kuwa kila ufunguo ndani yake una thamani yake kama neno lilivyo na maana yake. Walakini kamusi hiyo, kinyume cha zile za karatasi, haikuwa na mwanzo wala mwisho: vitu vilitawanyika kadiri hesabu ilivyoamua, na aliyetaka kuondoa kilicho cha tatu alitaka jambo lisilo na maana.

Kwa miaka mingi hali hiyo haikuhesabiwa kuwa aibu. Katika lugha ya Python ya Guido van Rossum, amri ya popitem ilikuwa ikiondoa jozi yoyote iliyotokea, wala mtumiaji hakuwa na haki ya kuhoji kwa nini hiyo na si nyingine. Haja ya mpangilio ilipozidi, Armin Ronacher na Raymond Hettinger waliandika mwaka wa 2008 pendekezo lililozaa OrderedDict, ambayo jozi zake zilifungwa kwa mnyororo, kila moja ikiishika iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake. Na popitem yake ikapewa hiari ya kuondoa ya mwisho au ya kwanza kwa gharama ndogo ile ile. Aliyetaka kuondoa ya tano hakupewa amri, na mimi naona waliomnyima walikuwa na insafu, kwani mnyororo hauhesabiki ila kwa kushika pete moja moja.

Watu wa .NET, jukwaa la kutungia programu, walikuwa wamekwisha kuwa wakarimu zaidi mwaka wa 2005: OrderedDictionary yao iliweka orodha na jedwali la heshi bega kwa bega, ikatoa amri ya RemoveAt. Lakini akiondoka mmoja, wote walio nyuma yake husogea hatua, mithili ya waumini wanaoziba pengo katika safu ya swala. Na safu ikiwa ya laki moja, kusogea huko si kazi haba.

Desemba ya 2012 Hettinger alileta wazo lingine, na ajabu yake ni kwamba kusudi lilikuwa kubana kumbukumbu ya kompyuta, wala si kutunza mpangilio. Jozi ziandikwe mfululizo kama mistari ya daftari, kwa kufuata zilivyowasili, na jedwali la heshi libakiwe na namba za mistari tu. Inada Naoki aliliingiza katika Python 3.6 ya mwaka wa 2016, na kamusi zikapungua ukubwa kwa asilimia 20 hadi 25. Mpangilio ukaja kama bahashishi. Desemba ya 2017 van Rossum akaamua kwamba bahashishi hiyo iwe ahadi, na tangu Python 3.7 popitem huondoa jozi iliyoingia mwisho.

Kufuta, hata hivyo, kulibaki na machungu yake. Mstari uliofutwa huacha upenyo katika daftari, kama deni lililopigwa mstari dukani, hata daftari liandikwe upya. Basi mwenye kuondoa daima jozi ya kwanza hulazimika kila mara kuanzia juu na kuruka penyo zote alizoziacha mwenyewe. Kwa hiyo OrderedDict haikustaafishwa.

Katika lugha ya Rust, maktaba ya indexmap ilichukua umbo hilo la Python ila ikakataa penyo. Aliye wa mwisho katika safu huitwa aje kukaa palipoachwa wazi, jambo la haraka lakini lenye kuvuruga zamu, nayo ni swap_remove. Au wote husogezwa, nayo ni shift_remove. Hapo mwanzo remove tupu ilimaanisha ile ya kwanza, na asiyejua alikuta mpangilio wake umepinduka bila ya kuambiwa. Hatimaye jina hilo likawekwa kando, ili mtunzi wa programu ataje kwa kalamu yake mwenyewe ni lipi kati ya mawili analolikubali.