Kiwanda cha Mboga cha Karatina

Neno "kusindika" hapo awali lilihusu kukamua mafuta au miwa. Siku hizi tunalitumia kwa mazao yote yanayohifadhiwa viwandani, yawe ya kukaushwa au ya kutiwa makopo. Sisi tunaolifundisha hapa Gasenyi tunaweza kulieleza kwa mfano kutoka Kenya.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili (1939-1945), majeshi ya Uingereza yalihitaji mboga zisizooza safarini. Serikali ya kikoloni ilianzisha viwanda vya kukaushia mboga huko Karatina, Nyeri, na Kerugoya. Wakulima wadogo walileta kabichi, karoti na viazi. Mboga zikaoshwa, zikakatwa, zikakaushwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mboga ni maji, mzigo ulipungua sana uzito.

Vita vilipokwisha, soko la jeshi nalo likaisha. Wakulima waliokwisha kuzoea kilimo hicho walitaka kiwanda cha Karatina kibaki mikononi mwao, lakini serikali ilikataa, kikafungwa. Uchungu huo uliongezeka juu ya ule wa ardhi, miaka michache kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952.

Walimu wenzetu, sentensi "kiwanda kilifungwa" ni mfano mzuri wa kauli ya kutendwa. Tusiishie kwenye kiambishi -w-. Tuwaulize wanafunzi: kilifungwa na nani, na ni nani waliotaka kiendelee? Hapo sarufi na historia hufundishwa pamoja.