Kitabu kilifika Arusha kabla ya mashine

Ukitaka kitabu cha kujifunza kuandika programu za kompyuta mjini Arusha, usihangaike na maduka ya vitabu. Nenda steshenari iliyo jirani na chuo. Hapo hutaonyeshwa rafu. Mhudumu atafungua folda kwenye kompyuta yake na kukuuliza unataka Python, Java au C. Ukishachagua anachapa, anatoboa matundu, anatia springi na jalada la plastiki, nawe unaondoka na rundo la kurasa ambazo bado zina joto la mashine.

Kasoro ya kitabu cha namna hiyo utaigundua nyumbani, kwenye ukingo wa kushoto. Karatasi ikikaa upande wakati wa kudurufu, au matundu ya springi yakiingia ndani mno, herufi za mwanzo wa mistari humezwa. Kwenye kitabu cha historia msomaji atakisia na kuendelea. Kwenye kitabu cha Python kukisia hakumfikishi mbali, maana katika lugha hiyo hata nafasi tupu iliyo mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya maagizo. Chukua mkulima wa kahawa wa Arumeru aliyepeleka magunia matatu kwenye chama cha msingi, na programu ya kujumlisha kilo zake:

jumla = 0
for kilo in [42, 38, 51]:
    jumla = jumla + kilo
print(jumla)

Mstari wa tatu umesogezwa ndani, yaani urudiwe kwa kila gunia. Wa nne umerudi ukingoni: kazi ikiisha, toa jibu mara moja. Jibu ni 131. Ukiusogeza huo wa nne uwe sambamba na wa tatu, mashine itatoa majibu matatu: 42, kisha 80, kisha 131. Ukiurudisha wa tatu ukingoni, itagoma kabisa. Mwanafunzi mwenye nakala iliyoliwa ukingo ana maneno karibu yote mbele yake, lakini hajui ni programu ipi kati ya hizo aliyokusudia mwandishi.

Historia ya kujifunza programu bila mwalimu chini ya Mlima Meru imejaa mambo ya aina hiyo. Kitabu chenyewe mara nyingi kilipatikana, kwa kuazima au kudurufu. Kilichokosekana ni kile cha kukaa kando yake: leo mashine, kesho umeme, keshokutwa mtu wa kumuuliza.

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata hesabu za Serikali zilizohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, gharama zikapanda, na wataalamu wa kuziendesha wengi walikuwa wageni. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Televisheni nazo zikatiwa kwenye kapu hilohilo. Siku hizi ni rahisi kuicheka amri ile, na wengi huicheka. Lakini ilikuwa baada tu ya bei ya mafuta kupanda duniani, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na hasara iliyokwishatiwa na mashine ya Wizarani kila mtu alikuwa ameiona. Sioni ajabu kwamba ilikataliwa. Hasara yake ilikuja kwa mlango wa nyuma: kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuuzwa Marekani na Ulaya katikati ya miaka ya 1970, sisi tulikuwa tumefunga forodha kwa ajili ya zile kubwa.

Arusha ya miaka ile haikuwa mji wa nyuma. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa hapo tangu 1967 hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majengo yake yakawa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, na mwaka huohuo wa 1978 kikafunguliwa Chuo cha Ufundi Arusha kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi. Mwaka huo pia, huko Marekani, Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa kitabu chembamba cha lugha ya C. Ndicho kilichoeneza desturi ya kumwanzisha mwanafunzi kwa programu inayotoa salamu kwa ulimwengu, na karibu kila kitabu cha kujifunzia kilichofuata kimeiga. Kijana wa Chuo cha Ufundi angeweza kusikia habari za mambo hayo. Kugusa mashine ilikuwa shughuli nyingine.

Fikra ya kumruhusu mtu wa kawaida aguse mashine ilikuwa na umri wa miaka 14 wakati huo. Mwaka 1964 wahadhiri wawili wa hisabati wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga BASIC, lugha rahisi kwa wanafunzi wasio wa sayansi. Kemeny alishikilia jambo moja ambalo wakati ule lilionekana kama ubadhirifu: mwanafunzi atumie kompyuta kama anavyoingia maktaba, bila kuomba ruhusa na bila kueleza anataka kufanya nini. Kwetu hata maktaba yenyewe ilikuwa na foleni ya kuazima, sembuse kompyuta.

Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980. Mashine zikaanza kuingia kwa mafungu madogo, nyingi kupitia miradi ya wafadhili, mashirika ya umma na taasisi za mafunzo. Arusha ilikuwa nazo: ESAMI ya kufundisha mameneja wa ukanda mzima, na Chuo cha Uhasibu kilichoanzishwa Njiro mwaka 1987. Kisha mwaka 1995 Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ikaweka makao yake AICC, ikaja na wafanyakazi, ofisi na kiu ya mawasiliano. Kampuni za utalii nazo zilikuwa zimechoka kusubiri faksi. Kutokana na haja hiyo mji ukapata watoa huduma wake wa intaneti wenyewe. Mmoja wao, Habari Node, alianza katika miaka ya 1990 kama kituo kidogo cha kupokezana barua pepe kwa laini ya simu, na hadi leo ukitazama kibao cha zamani cha kampuni ya safari utakuta anwani inayoishia na habari.co.tz.

Ndipo zikaja shule za kompyuta za mitaani, zile za chumba kimoja chenye mashine chache na feni. Zilifundisha kuchapa barua, kutengeneza jedwali la hesabu, kufungua na kufunga. Kuandika programu halikuwa somo lao, na aliyelitaka alilazimika kutafuta kitabu. Vilivyokuwapo vilikuwa vinene, vimeachwa na mtu wa kujitolea aliyerudi kwao au vimeletwa na ndugu aliye ng'ambo, na mara nyingi vilizungumzia toleo ambalo kompyuta ya hapo haikuwa nalo. Vingine viliahidi jaladani kwamba msomaji ataiva ndani ya siku 21. Mwaka 2001 Peter Norvig, bingwa wa sayansi ya kompyuta, aliandika makala ya kuzikejeli ahadi hizo akisema kazi hii hutaka miaka 10. Angekuwa anasomea Ngarenaro, Arusha, kwa mgao wa umeme wa mwaka 2006, sijui angetaja mingapi.

Maana saa ya kukaa mbele ya kompyuta ililipiwa. Kwenye vibanda vya intaneti vya mjini, saa kwenye kona ya kioo ilikuwa inahesabu wakati wewe unatafuta nukta na mkato. Aliyekuwa na akili ya pesa alifanya kazi yote nyumbani: anaandika programu kwa penseli kwenye kaunta buku, anachora jedwali pembeni, anaandika kila jina na thamani yake mstari kwa mstari. Katika mfano wetu wa kahawa, safu ya jumla itasomeka 0, 42, 80, 131. Ukikosea ukaweka ile sifuri ndani ya mrudio, kila gunia litafuta hesabu ya gunia lililopita, na mwisho utabaki na 51. Penseli hulionyesha kosa hilo bure. Kwenye kibanda ulilinunua.

Hapo ndipo nadhani wanaosimulia historia hii hukosea. Huieleza kama habari ya upungufu mtupu: hatukuwa na hiki, tukakosa kile. Ni kweli tulikosa, na wengi waliishia njiani. Lakini uhaba wa mashine ulimfundisha aliyebaki ustadi ambao wenye mashine tele huuruka, wa kuisoma programu na kujua itafanya nini kabla haijaendeshwa. Sisemi uhaba urudi. Nasema ustadi ule ulistahili jina kubwa kuliko tunaloupa.

Juni 2007 kisa cha mtu na kitabu chake kilikuja chenyewe hadi miguuni pa Meru. Kwenye hoteli ya Ngurdoto, upande wa Usa River, ulifanyika mkutano wa TEDGlobal, na jukwaani akapandishwa kijana wa Malawi, William Kamkwamba, mwenye miaka 19. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya mwanzo ya 2000, akawa anasoma kwenye maktaba ndogo ya Wimbe, na kutokana na kitabu kimoja cha nishati akaunda kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Kiingereza kilikuwa kinamshinda. Alifuata michoro, kisha akarudi kutafuta maneno yanayoeleza michoro ile. Hapo Arusha ndipo alipoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Akatafuta habari za vinu vya upepo, yakaja majibu mamilioni, na baadaye amesimulia alivyojiuliza kitu hicho kilikuwa wapi siku zote alizokuwa akihangaika.

Kilichofuata kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Mwaka 2010 Kamkwamba alijiunga na chuo huko Marekani, na chuo chenyewe ni Dartmouth, kilekile cha Kemeny na Kurtz. Alihitimu 2014, mwaka ambao BASIC ilitimiza miaka 50.

Lakini kisa chake kina tofauti moja kubwa na cha mwanafunzi wetu wa programu. Kinu cha upepo kinachoreka. Ukiona mchoro wa mapanga, mhimili na dinamo, hata lugha ikikupiga chenga utapata pa kushika. Programu haina mchoro wa namna hiyo. Ajabu ni kwamba maneno ya lazima ya lugha yenyewe si mengi. Python ina maneno 35 tu iliyojitengea, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuyakariri kwa wiki. Kinachomshinda ni mamia ya kurasa za Kiingereza zinazoeleza namna ya kuyatumia, kwa mtu ambaye shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na sekondari akabadilishiwa ghafla. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha njia mwishoni mwa 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa ya mtumiaji. Mwandishi wa programu bado anangoja kitabu cha kuanzia chenye hadhi hiyo, na sikubali kwamba msamiati ndio kikwazo. Mafundi simu wa Soko Kuu la Arusha wanaeleza mambo magumu zaidi kwa Kiswahili kila siku, bila kamati.

Mambo yaligeuka baada ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Vitabu vikawa faili. Vingine ni halali kabisa kuvidurufu: Allen Downey, mhadhiri wa Marekani, aliachia kitabu chake cha wanaoanza kwa leseni huria, na Al Sweigart ameruhusu chake kisomwe bure mtandaoni. Huku ngazi za juu nako pamejaa. Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi Tengeru mwaka 2011, na inafundisha uzamili na uzamivu. Agosti 2025 Arusha ilikuwa mwenyeji wa DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa zana moja ya Python, baada ya ule wa kwanza kufanyika Zanzibar Novemba 2023. Anayeanza, aliye hatua kumi chini ya Tengeru, bado yuko na kitabu chake.

Mashine yake sasa ni simu. Kuna programu kama Pydroid inayoendesha Python ndani ya simu ya kawaida, bila intaneti na bila kulipia saa. Nayo imeleta vituko vyake. Kibodi ya simu hukuza herufi ya kwanza ya mstari, kwa hiyo amri ya kuchapisha jibu inaanza na herufi kubwa na mashine inadai haijawahi kulisikia neno hilo. Ukitumiwa programu kwa WhatsApp, nyota za kuzidisha zinaweza kumezwa na kugeuzwa maandishi mazito. Ukiinakili kutoka kwenye hati ya Word, alama za kunukuu zinakuja zimepinda na hazikubaliki. Hakuna kitabu cha 1978 kilichoonya juu ya hayo.

Tena siku hizi akikwama anaiuliza akili bandia, inamwandikia jibu zima kwa sekunde, likiwa sahihi mara nyingi na mara nyingine sivyo. Kutambua ni lini sivyo kunahitaji ule ustadi wa penseli, na vyuo vyetu, kwa makusudi au kwa kukosa kompyuta za kutosha, havijauacha: karatasi ya mtihani bado huja na programu ya mistari michache na maelekezo ya kuandika kitakachotoka. Wanafunzi hulilalamikia swali hilo kuliko mengine yote. Ndilo ambalo ningeliongezea alama.