Kusomea sosholojia katika nchi jirani: lugha ya darasani na lugha ya uwandani

Sosholojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: namna wanavyojenga familia, wanavyogawana kazi na mali, wanavyotii mamlaka au kuyakaidi, na wanavyowakaribisha au kuwatenga wengine. Baadhi ya wataalamu huiita elimujamii. Somo hili hutolewa kwa ngazi ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania, Uganda, Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kijana wa Burundi aliyefaulu masomo ya sekondari anaweza kuomba nafasi huko. Makala haya yanaeleza asili ya elimu hiyo katika ukanda wetu, mambo yanayofundishwa, masharti ya kujiunga na kazi zinazopatikana. Yanaeleza pia jambo ambalo vipeperushi vya vyuo hulitaja kwa nadra, nalo ni nafasi ya Kiswahili katika masomo hayo.

Asili ya elimu hii

Neno sosholojia lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19, lakini fikra yenyewe ni ya kale zaidi. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika utangulizi mrefu wa historia yake, akieleza jinsi mshikamano wa kundi unavyoinua dola na jinsi kulegea kwake kunavyoiangusha. Nchini Marekani, mwaka 1899, W.E.B. Du Bois alichapisha utafiti wake kuhusu Wamarekani weusi wa jiji la Philadelphia. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wenyewe maswali, wakati ambapo watu wengi walizoea kuwasemea tu.

Afrika Mashariki ilipata elimu hii kupitia utawala wa kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliasisiwa taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere, Uganda, na kuanzia mwaka 1950 iliongozwa na mwanaanthropolojia Mwingereza, Audrey Richards. Mwaka 1954 kilitoka kitabu alichokihariri kuhusu wahamiaji waliokwenda Buganda kutafuta vibarua mashambani. Sehemu kubwa ya wahamiaji hao walitoka Ruanda-Urundi, nchi iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Hivyo babu zetu waliingia katika vitabu vya sosholojia mapema, ila waliingia kama watu wa kuhesabiwa na kuhojiwa. Waulizaji walikuwa wengine.

Hali hiyo ilianza kupingwa baada ya uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa chuo kikuu kishiriki na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, kiliwakusanya wasomi kutoka pande nyingi za Afrika. Mmoja wao alikuwa Archie Mafeje wa Afrika Kusini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri, kisha kikaufuta uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi. Baadaye Mafeje akaongoza idara ya sosholojia mjini Dar es Salaam. Katika makala yake ya mwaka 1971 alisema kwamba ukabila, kama wataalamu wa Ulaya walivyoueleza, ulikuwa itikadi waliyokuja nayo wao, na kwamba kulifanya kabila kuwa jibu la kila swali kunaficha mgongano wa masilahi na wa madaraka. Msomaji wa Burundi hahitaji kuelezwa uzito wa hoja hiyo.

Mambo yanayofundishwa

Mpangilio wa masomo hutofautiana chuo hadi chuo, lakini nguzo zake zinafanana. Mwaka wa kwanza mwanafunzi husoma misingi ya sosholojia na anthropolojia, pamoja na masomo ya maendeleo. Baadaye hukutana na nadharia za Karl Marx, Émile Durkheim na Max Weber, na masomo ya familia, jinsia, maisha ya vijijini na mijini, dini, afya na uhamaji. Mbinu za utafiti na takwimu ni za lazima, na ndizo huwasumbua wengi waliochagua somo hili wakidhani wameikimbia hesabu. Mwaka wa mwisho, katika vyuo vingi, mwanafunzi hufanya utafiti wake mdogo na kuuandikia tasnifu.

Shahada hii isichanganywe na masomo mawili yaliyo jirani nayo. Ustawi wa jamii humwandaa mtu kuwahudumia moja kwa moja watoto, familia na watu wenye shida. Nchini Tanzania iko taasisi maalumu ya fani hiyo mjini Dar es Salaam. Maendeleo ya jamii hujikita katika kuendesha miradi pamoja na wananchi, na Taasisi ya Tengeru mkoani Arusha inajulikana kwa mafunzo hayo. Sosholojia humfundisha mtu kwanza kuuliza, kupima na kueleza.

Kiswahili na dodoso

Mihadhara na mitihani ya sosholojia nchini Tanzania, Uganda na Kenya hutolewa kwa Kiingereza, na nchini Kongo kwa Kifaransa. Kijana aliyesoma sekondari kwa Kifaransa atahitaji kukiimarisha Kiingereza chake kabla ya kwenda Dar es Salaam, Kampala au Nairobi. Lakini mwanafunzi anapotoka darasani kwenda uwandani, mambo hugeuka. Mvuvi wa Kigoma, mama wa sokoni Bukavu na mchimba madini wa Lubumbashi hujibu kwa Kiswahili, na swali lililotungwa kwa lugha ya kigeni lazima livukishwe mto. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika, na hapo ndipo anayekijua Kiswahili vizuri huonekana thamani yake.

Chukua neno kaya. Katika sensa ya Tanzania kaya ni mtu mmoja, au watu wanaoishi na kula pamoja, wakimtambua mmoja wao kuwa mkuu. Neno hilohilo, kwa wazee wa Kimijikenda katika pwani ya Kenya, ni makazi ya kale ndani ya msitu mtakatifu. Dodoso lililoandikwa Dodoma likisomwa Kilifi bila maelezo huleta majibu ya jambo jingine. Ni salama zaidi kuuliza ni nani wanaokula chungu kimoja.

Au chukua swali jepesi: “Una ndugu wangapi?” Mmoja atawahesabu waliozaliwa na mama yake tu, wa pili ataongeza watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa, na wa tatu atacheka, kwa kuwa ndugu zake hawahesabiki. Mtafiti makini huuliza kuhusu ndugu wa tumbo moja, kisha wa baba mmoja, kila kundi kwa swali lake.

Neno lenye madhara makubwa kuliko hayo ni kazi. Mwanamke anayeamka alfajiri kununua dagaa, au ndagala kama tuwaitavyo hapa, akawaanika na kuwauza hadi jioni, akiulizwa kama ana kazi huweza kujibu: “Sina kazi, nabangaiza tu.” Kwake kazi ni ajira ya mshahara. Mhojaji akiandika kwamba hana kazi, jasho la mwanamke huyo halitaonekana katika takwimu, na asiyeonekana katika takwimu hakumbukwi soko linapojengwa au mikopo inapogawiwa. Mhojaji anayeijua lugha atamuuliza jana alifanya nini tangu asubuhi, kisha atayaandika yote.

Sehemu hii ya masomo huendana na maadili. Anayehojiwa lazima aelezwe madhumuni ya utafiti, aridhie mwenyewe, na awe huru kukataa kujibu. Jina lake halipaswi kutajwa bila idhini. Katika ukanda ambao orodha za majina na asili za watu zimewahi kugeuzwa silaha, usiri hulinda uhai.

Masharti ya kujiunga

Tanzania na Uganda hutumia mfumo wenye kidato cha tano na cha sita. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na ufaulu wa juu katika masomo mawili ya kidato cha sita, na shahada huchukua miaka 3. Makerere hulifundisha somo hili ndani ya Shahada ya Sanaa katika Sayansi za Jamii. Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4, shahada huchukua miaka 4 na sharti la msingi ni wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Kongo, kwa mfumo mpya, lisansi huchukua miaka 3.

Vyeti vya Burundi hupaswa kulinganishwa na vya nchi husika. Nchini Tanzania vyeti vya sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani la Taifa, na vya elimu ya juu hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu. Nchini Uganda ulinganisho wa vyeti vya sekondari hufanywa na baraza la mitihani la nchi hiyo. Vyeti vilivyoandikwa kwa Kifaransa huhitaji tafsiri iliyothibitishwa. Shughuli hii ianze mapema, maana wengi hukosa nafasi kwa kuchelewa kupata karatasi hizo.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliutangaza ukanda wao kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo linaloratibu. Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba mtoto wake atalipa ada ya mwenyeji bila kuuliza. Chuo kiulizwe kwa maandishi, na jibu lihifadhiwe.

Ajira

Sosholojia haimpi mtu leseni ya kazi maalumu kama uuguzi au uwakili. Wahitimu huajiriwa na halmashauri, kwa mfano kama maofisa maendeleo ya jamii nchini Tanzania, na pia ofisi za takwimu, mashirika ya misaada, vyombo vya habari na miradi ya afya. Wapo wanaofanya kazi na wakimbizi, kama katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, walikokimbilia Wakongo na Warundi. Ushindani ni mkubwa, na mara nyingi anayepita ni yule anayeweza kuchanganua takwimu kwa kompyuta, kuandika ripoti safi na kuhoji watu kwa lugha yao.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji aulize mambo manne: je, programu imesajiliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi hiyo? Je, takwimu hufundishwa kwa vitendo? Je, kila mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe? Na gharama za kwenda uwandani hulipwa na nani? Chuo kinachoyajibu yote manne bila kuzunguka ndicho cha kuanzia.