Mzio, Kizio na Upele Usiokuwapo

Kuna karatasi ya ushauri kwa wenye mbwa inayozunguka hapa Kindu, kutoka Kasuku na Mikelenge hadi ng'ambo ya Lualaba, Alunguli. Imetafsiriwa kutoka Kifaransa, na nia yake ni njema. Lakini kila mahali Kifaransa kilipotaja alerji, mfasiri ameandika "upele". Kuna "upele wa viroboto", kuna "upele wa chakula", na mwishoni kuna "upele wa vumbi". Nimeisoma karatasi hiyo kwa uchungu, kwa sababu neno sahihi tunalo, ni la kale, na katika Maniema lina ndugu wengi kuliko mahali popote pa pwani. Neno hilo ni mzio.

Upele una mwenyewe. Ni mdudu wa jamii ya utitiri, Sarcoptes scabiei, anayechimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Hupita kutoka mbwa hadi mbwa, na huweza kumhamia binadamu akamwashe kwa siku kadhaa. Mzio hauna mdudu wa kuhama wala haumwambukizi mtu. Anayeyaita mambo haya mawili kwa jina moja anaamua hatima ya mnyama. Jirani yangu wa Mikelenge aliponiletea karatasi hiyo, mbwa wake wa kuwinda alikuwa amekwishafungwa nje ya ua na kupakwa mafuta machafu ya mota mwili mzima. "Mwalimu," akaniambia, "karatasi inasema iko na upele, itaambukiza batoto." Nilimtazama mbwa yule. Nyayo zake nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu kwa kulambwa, kwapa na tumbo vilikuwa vyekundu, na mgongoni karibu na mkia manyoya yalikuwa yamekwisha. Hiyo ni picha ya mzio, na chanzo cha upara ule wa mkiani ni kiroboto. Mafuta ya mota yalimwongezea sumu juu ya mwasho, kwa sababu mbwa hulamba kila anachopakwa.

Wapo watakaosema: basi tuandike "aleji" tumalize. Nawauliza, aleji ipi? Nairobi na Dar es Salaam wanaandika aleji kwa sababu wamelipokea neno kupitia Kiingereza. Sisi wa Kindu, Bukavu na Kalemie tunasema alerji kwa sababu lilitujia kupitia Kifaransa. Neno moja limeingia kwa milango miwili na limevaa sauti mbili, na mtoto wa shule anayesoma vitabu vya pande zote mbili atadhani ni magonjwa mawili. Isitoshe, neno hilo la mkopo ni tasa. Ukitaka kutaja kile kinachouchokoza mwili, inakubidi ukope tena, useme alerjeni.

Wengine, na hawa huwa wamekaa katika kamati, wamependekeza "unyeti". Sina budi kusema wazi kwamba pendekezo hilo limetoka kwa watu wasiosikiliza wasemaji. Katika vinywa vya watu nyeti imekwishafungamana na sehemu za siri na habari za serikali. Mama atakayeambiwa kwamba mbwa wake ana unyeti wa ngozi atabaki akikisia. Istilahi inayohitaji ufafanuzi kila inapotamkwa haijatimiza kazi yake. Nasikitika kwamba hoja hii, ambayo nimeitoa mbele ya watu wenye madaraka ya lugha, ilipokewa kwa kimya, kana kwamba Kiswahili cha bara la Kongo hakina haki ya kutoa ushahidi.

Tuutazame basi ushahidi wenyewe. Mzio, kwa maana yake ya zamani, ni kitu ambacho mtu hakili au hakigusi kwa kuwa kikimwingia humdhuru. Mwiko ni wa jamii: ukoo mzima au kijiji kizima kinaukubali. Mzio unaweza kuwa wa mtu mmoja peke yake. Ndugu wawili wanakula kutoka sahani moja, mmoja anashiba, mwingine anavimba midomo. Samaki yule ni mzio wake, si wa mwenzake. Wahenga walikwisha kuona jambo ambalo maabara zilikuja kulipa jina baadaye sana.

Mzizi wa neno hili umetapakaa katika familia nzima ya Kibantu. Waganda wana omuziro, yule mnyama au kitu ambacho ukoo haukili, na kitenzi kuzira, kujizuia na kitu. Wanyarwanda wana umuziro, na jambo lisilofanyika wanalihukumu kwa neno moja, kirazira. Waluba, jirani zetu wa kusini, wana kijila, na Lingala ina ekila. Wambundu wa Angola nao wana kijila, na neno hilo lilivushwa Atlantiki pamoja na watumwa hadi Brazili. Huko likawa quizila, na mpaka leo wafuasi wa dini zenye asili ya Afrika hulitumia kwa chakula ambacho mtu fulani amekatazwa. Neno lililopona minyororo na bahari halipaswi kushindwa na kamati ya chumba kimoja.

Msomaji atauliza, ile l au r imekwenda wapi katika mzio? Imekwenda kule ilikokwenda ya njia na ya njaa. Waluba husema njila, Waswahili husema njia. Lingala husema nzala, Waganda enjala, Waswahili njaa. Kiswahili kiliidondosha sauti hiyo kati ya irabu katika maneno mengi ya asili, na kwa kanuni hiyohiyo muziro wa majirani ukawa mzio wetu. Mtu wa Maniema anayesikia Kiswahili asubuhi sokoni, Lingala jioni kwa askari, na Kiluba kwa wasafiri wa reli wanaotoka Katanga, anaweza kulithibitisha jambo hili kwa masikio yake. Kwa hiyo wale wanaosema mzio ni neno la pwani lisiloeleweka bara wamelipindua jambo. Bara ndiko lilikojaa jamaa zake.

Sasa tulipime dhidi ya neno la Ulaya. Alerji iliundwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: allos, yaani nyingine, na ergon, yaani kazi. Alikuwa ameona, pamoja na mwenzake Béla Schick, kwamba watoto waliodungwa seramu mara ya pili mwili wao ulifanya kazi tofauti na mara ya kwanza. "Kazi nyingine" ni jina la kujizuia sana. Halisemi kazi gani, wala halisemi inaanzaje.

Na kabla ya Pirquet kulikuwa na mbwa. Mwaka 1901 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier, wakiwa safarini katika meli ya Albert I wa Monaco, walianza kuchunguza sumu ya viumbe laini vya baharini vyenye minyiri inayochoma. Waliporudi nchini kwao waliwadunga mbwa sumu ya namna hiyo, wakitarajia kwamba aliyekwisha kupewa kidogo angeizoea. Mmoja wao, aliyeitwa Neptune, alikuwa mbwa mwenye nguvu na alistahimili dozi ya kwanza vizuri. Majuma machache baadaye, mwaka 1902, alipewa tena kiasi kidogo. Papo hapo pumzi ikamshinda, akaanguka ubavu, akaharisha, akatapika damu, na katika dakika 25 akafa. Mwili wake haukuwa umezoea sumu. Ulikuwa umeiwekea katazo. Richet aliita jambo hilo anafilaksia, kinyume cha kinga, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Huo ndio mzio hasa. Mwili hukutana na kitu, hukitia katika orodha ya vilivyokatazwa, na kila kikirudi hukiadhibu, hata kama kitu chenyewe hakina kosa. Ndiyo maana mbwa aliyekula kuku miaka miwili bila tatizo anaweza siku moja kuanza kujikuna kwa sababu ya kuku huyohuyo. Kigiriki cha Pirquet hakituelezi hilo. Kiswahili kinalieleza kwa silabi tatu.

Nafika sasa kwenye neno ninalolitetea kuliko yote: kizio. Mzio ni hali ya mwili, kizio ni kile kitu kinachoiamsha: mate ya kiroboto, nyama ya kuku, kinyesi cha utitiri wa vumbi, chavua ya nyasi. Wengine wamekwisha kulitumia kwa maana hii, nami nadai lishike mahali pote. Wapinzani wanasema kizio tayari ni nusu ya nazi, na kutoka hapo wanajiografia wakapata nusu ya dunia na wanahisabati wakapata kipimo kimoja. Nakubali kwamba neno hilo lipo. Lakini tangu lini Kiswahili kikaogopa maneno pacha? Kaa ni mdudu wa majini, ni kipande cha moto, na ni kuketi. Mwiko ni katazo na ni kijiko cha kusongea ugali. Muktadha huamua. Tena, mnazi hauoti kwenye ua wa mtu hapa, tunapika kwa mawese, na Mluba anayetamka kijila kila siku atakisikia kizio na kukielewa bila mwalimu. Wanaotaka tuandike "kisababishi cha mzio" wanatupa sentensi nzima mahali pa neno. Jaribu kukiweka kwenye lebo ya chupa ya dawa uone kitakavyobanana.

Kwa matumizi, maneno haya yanapanga kazi. Kwanza, tenga upele na mzio: sugua ncha ya sikio la mbwa kwa vidole, na mguu wa nyuma ukianza kujikuna hewani wenyewe, shuku upele na umwone daktari wa mifugo. Pili, tafuta kizio. Mbwa anayejikuna kiunoni na kwenye shina la mkia kwanza atibiwe viroboto, yeye na wanyama wote wa nyumba, kwa miezi kama mitatu mfululizo, na matandiko yaoshwe kila juma, maana mayai na mabuu hukaa sakafuni, si mwilini. Mzio wa chakula hupatikana kwa mlo wa mchujo: protini moja ambayo mbwa hajawahi kula, kwa majuma 8, bila kichwa cha samaki cha kudokoa, kisha kurudishiwa chakula cha zamani uone kama mwasho unarudi. Ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vizio vya chakula vinavyoonekana zaidi kwa mbwa. Mzio wa vumbi na chavua ndio hubaki baada ya hivyo kuondolewa.

Tatu, dawa ya kutuliza mzio. Prednisoloni ni ya bei ndogo, inapatikana, na hutuliza haraka, lakini huleta kiu, mikojo na ulafi, huchosha mwili ikitumiwa muda mrefu, na haikatizwi ghafla. Setirizini na wenzake humsaidia mbwa kidogo tu. Siklosporini huchukua majuma 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake. Oklasitinibi hufanya kazi upesi lakini si ya mbwa aliye chini ya mwaka mmoja. Sindano ya lokivetimabu hutuliza kwa mwezi hivi, ila yataka kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na umeme wa Kindu haumpi mtu ahadi hiyo. Tiba ya kumzoesha mbwa kizio chake, kwa dozi ndogo zinazopanda, ndiyo pekee inayoubadili mzio wenyewe. Inahitaji miezi mingi, na haiwafai mbwa wote. Kwa mwenye kipato cha kawaida hapa, kiroboto kuondolewa kwa bidii na prednisoloni kwa siku chache chini ya daktari vitafanya zaidi ya dawa ya mbali.

Narudia kuwaambia wenye kalamu na muhuri. Kila jina la tiba nililolitaja limesimama juu ya mzio na kizio: mzio wa viroboto, mzio wa chakula, kizio cha vumbi, dawa ya kutuliza mzio, tiba ya kumzoesha kizio. Jaribuni kuweka "upele" mahali pake, na tiba zote zitageuka uongo: hakuna mlo unaotibu upele, wala hakuna anayemzoesha mbwa mdudu wa upele. Kosa hili halihusu ladha ya lugha tu. Linamfukuza mnyama asiye na ugonjwa wa kuambukiza, na linampaka sumu yule aliyehitaji kuogeshwa.

Karatasi hiyo ichapishwe upya. Mstari wa kwanza useme hivi: mzio hauambukizi, na upele unaambukiza. Wa pili useme: tafuta kizio kabla ya kutafuta dawa. Watakaoandaa toleo hilo wakihitaji mtu wa kulisoma kabla ya kuchapwa, tupo hapa Maniema tunaolijua neno hili kwa lugha zetu zote, na tuko tayari kulitetea mbele ya kamati yoyote.