Seli shina na vidonda vya tumbo

Seli shina ni seli changa zinazoweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Utando wa ndani wa tumbo hubanduka na kujengwa upya kila baada ya siku chache, na mafundi wa kazi hiyo ni seli shina zilizojificha ndani ya tezi zake. Mwaka 2010 maabara ya Hans Clevers, Uholanzi, ilizionyesha kwa panya, karibu na mlango wa kuingilia utumbo. Kidonda hutokea pale uharibifu unapozidi ukarabati huo.

Tiba inayotafitiwa ni kuchukua seli shina, mara nyingi za uloto au za mafuta ya mwili, na kuzidunga karibu na kidonda. Panya wa maabara wamepona upesi zaidi, hasa kwa kuwa seli hizo hutoa kemikali zinazootesha mishipa midogo ya damu. Kwa binadamu bado si tiba iliyokubalika. Anayeiuza leo anamwibia mgonjwa. Nchini Tanzania seli shina zina kazi nyingine: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Tiba ya kawaida ya vidonda nayo imebadilika sana. Sumbawanga, nchini Tanzania pia, kuna hospitali yenye jina la Adrian Atiman, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema, chini ya uwanda wa Ufipa kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Zama zake, mwenye vidonda alipewa maziwa na dawa za kutuliza asidi, kidonda kikarudi. Mwaka 1982 ndipo Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, walipomnasa bakteria Helicobacter pylori, chanzo kikuu cha vidonda. Chanzo kikuu kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo mkulima anayeinua matuta kwa jembe humeza kila mgongo unapouma. Pilipili na mawazo husingiziwa mno.

Bakteria akithibitishwa kwa kipimo, mgonjwa hupewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli, kwa kawaida siku 10 hadi 14, na azimalize hata maumivu yakiisha siku ya tatu. Adui akishaondoka, seli shina za mgonjwa mwenyewe huziba kidonda kwa wiki kadhaa. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Mkazi wa Sumbawanga hasa asichelewe, kwani hospitali yake ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300.